Maji Yasiyopwa

Mount Dennis, Toronto
Septemba 2018

Nyemo mwanangu,

Zamani barua ilianza kwa kuuliza hali ya mwenzako, kisha unamwambia yako ni njema, wasiwasi ni juu yake tu. Hali yako mimi naijua. Umetoka asubuhi kwenda kuwaaga rafiki zako Rexdale, umevaa lile koti la kijivu, na umepita jikoni bila kunitazama. Yangu si njema hata kidogo. Tangu utoke nimefuta jiko, nikalifuta tena, nikafungua sanduku lako nikapanga soksi upya, nikalifunga, nikasimama dirishani kuangalia mabasi ya Weston Road kana kwamba mimi ndiye ninayesafiri. Ndege zinapita juu yetu kwenda kutua, nami kila moja naiangalia kwa chuki. Sasa nimejilazimisha kukaa. Nikiinuka katikati ya barua utajua, maana mwandiko utabadilika.

Sitakuandikia habari za kula, kuvaa na kulala mapema. Hizo umezisikia mpaka masikio yamechoka. Nataka kukuandikia habari za mji unakokwenda kesho, Passau, aliko baba yako, na najua utacheka. Utasema unaujua mji huo kuliko mimi. Ramani yake umeibandika juu ya kitanda chako tangu ukiwa mdogo. Wewe ndiye uliyenifundisha, hapahapa mezani, kwamba Warumi waliweka kambi yao pale kwa sababu mto Danubi ulikuwa mpaka wao: huku wao, ng'ambo watu waliowaogopa. Kwamba miji mikongwe ya Ujerumani, Köln, Mainz, Regensburg, ilianza vivyo hivyo, kambi kando ya mto, kisha soko, kisha kanisa. Siku moja nilikuomba chumvi tu, ukaanza. Chumvi ilishuka kwa mto Inn ndani ya mashua, ikapakuliwa Passau, ikabebwa mgongoni mwa farasi kuvuka misitu hadi Bohemia, na askofu akatoza ushuru akatajirika. Mchuzi ulipoa na chumvi sikupewa. Nilijifanya nimechoshwa na somo, lakini moyoni nilikuwa najisikia raha sana, na sijui kwa nini sikukwambia.

Nikuambie basi mji ninaoujua mimi, ambao haumo kwenye ramani yako. Lakini kwanza ugomvi wetu, maana umekaa katikati ya nyumba hii kama kabati, kila mtu anauzunguka.

Ulikuja jikoni na furaha zako, simu mkononi, ukanionyesha picha ya chumba ulichokipata. Nikaiona ile njia nyembamba ya mawe. Nikaona upinde unaoshika nyumba mbili zisilaliane, na mlango mdogo chini yake. Chumba cha chini, mtaa uleule tuliokaa sisi, hatua chache kutoka Danubi. Sikukuuliza hata kama kina dirisha.

"Chini hukai," nilisema. "Mtaa huo hukai."

"Mama, it's fine. Baba amekwenda kukiangalia. Amesema ni kizuri."

"Baba yako anajua nini?"

"Anajua ulikaa tu," ukasema. "Nilimuuliza, akaniambia. You had the whole day, Mama. Maji yanapanda, na wewe umekaa tu."

Nami nikakujibu lile neno: "Basi nenda kwa huyo baba yako. Utarudi mwenyewe."

Ukaingia chumbani ukafunga mlango taratibu. Afadhali ungeubamiza. Toka siku hiyo tunaongea kama wapangaji: chakula kiko mezani, asante, nimechelewa zamu, sawa. Na mimi nimekuwa nikijiambia kila nikitoka kazini Malton, leo nikifika nitamkuta amelegea. Sijakukuta.

Maneno yako yaliniuma kwa sababu ni ya kweli. Nilikaa tu. Ila baba yako hajui kwa nini nilikaa, kwa sababu yeye hakuuliza na mimi sikusema. Nakuambia wewe leo, wa kwanza.

Mimi nimekulia Sahare, Tanga, ukingoni mwa mikoko. Bahari pale ilikuwa jirani kama majirani wengine, na zile siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, ilituingilia uani. Bibi yako aliinua jiko la mkaa akaliweka juu ya kizingiti, akapandisha kanga yake magotini, akaendelea kukaanga. Hakuna aliyehamisha hata mkeka. Maji yalikuja asubuhi, yakazungukazunguka miguuni, na kabla ya kula mchana yalikuwa yamepwa, yametuachia kaa wadogo tuwafukuze kwa fagio. Ndivyo nilivyojua maji. Yanajaa, yanapwa. Mtu anayepiga kelele maji yakiingia uani tulimwona mshamba.

Baba yako ni mtu wa Dodoma. Utani wetu wote wa uchumba ulikuwa hapo. Kwao maji yanakuja kwa ndoo, nilimwambia, halafu eti yeye ndiye aliyepewa nafasi ya kwenda Ujerumani kusomea upimaji wa mito! Nilicheka mpaka machozi. Hata uwanja wa ndege, siku tunaondoka, bado nilikuwa nacheka. Yeye alikuwa ananiacha nicheke, anatabasamu kwa upande mmoja tu wa mdomo, kama unavyofanya wewe.

Tukafika Passau na wewe ukiwa mgongoni. Jumapili ya kwanza alitupeleka pale mwisho wa mji, ncha ya ardhi ambapo mito mitatu inakutana. Ulikuwa juu ya mabega yake. Akanionyesha: Inn unatoka milima ya Alpi, maji yake ya kijani yenye ukungu kama umeyatia maziwa kidogo, Ilz unatoka msituni, mweusi, na Danubi katikati. Inakwenda ubavu kwa ubavu kitambo kabla haijachanganyika. Akaniambia Inn, mgeni huyu anayekuja kutoka pembeni, mara nyingi ndiye mwenye maji mengi, lakini jina linabaki la Danubi. Alikuwa anaongea haraka, mikono inaruka. Sijamwona tena mtu akifurahia kitu namna ile mpaka siku ulipobandika ramani yako.

Kisha akatupitisha kwenye mnara wa nyumba ya baraza la mji. Ukutani wamechora mistari, kila mstari na mwaka wake, maji yalipofika. Mingine ya mamia ya miaka iliyopita, iko juu sana, mpaka unainua shingo. Alisoma miaka yote kwa sauti. Mimi nilikuwa naangalia duka la mikate ng'ambo. Nikamwambia, hawa watu wana nafasi, maji yakija tu wanachora. Hakucheka. Alisema, "Zuhura, mstari ule ungetufunika." Nikamwambia tununue mkate.

Nimeinuka. Nimechemsha chai, sikuinywa. Nimerudi.

Chumba chetu kilikuwa chini, nyuma ya duka la vifungo na nyuzi la mwenye nyumba, Frau Huber. Yeye alikaa ghorofa ya juu yetu. Mama mkali, miguu myembamba, alininunia kwa sababu nilianika nguo kwenye ngazi. Siku moja nilimuuliza kwa Kijerumani changu cha kuungaunga kwa nini wasihamie kule mlimani, kwenye ile ngome ya askofu, maji yasiwafikie. Akanijibu, "Na vifungo nimuuzie nani huko juu? Askofu?" Basi tukacheka, na kuanzia siku hiyo nguo zangu akawa anazisogeza tu pembeni.

Ikaja Agosti ya mwaka 2002. Mvua ilinyesha mfululizo, na baba yako alikuwa amekwenda Regensburg kwa mambo ya masomo. Akapiga simu asubuhi. Njia zimefungwa, hawezi kurudi. "Pandisha vitu vyote kwa Frau Huber," akasema. "Anza na sanduku langu, lile la chini ya kitanda. Zuhura, unanisikia? Anza na hilo."

"Mtu wa Dodoma," nikamwambia, "wewe ndiye wa kunifundisha mimi maji?"

Akacheka. Hakutaka, lakini akacheka. Nimeikumbuka sana hiyo sauti, maana baada ya siku hiyo sikuwahi kumchekesha tena.

Nje mtaa mzima ulikuwa unapanda ngazi. Wana desturi yao pale, haiandikwi popote na hakuna anayeombwa. Maji yakianza kupanda, wa juu wanafungua milango na kuiacha wazi, wa chini wanaleta vyao. Mtu aliyemnunia mwenzake mwaka mzima anamletea godoro na kulilaza sebuleni kwake bila hodi. Frau Huber alipita mara nyingi na droo zake za vifungo, amevaa mabuti ya mpira. Kila akipita aligonga kwangu. "Juu! Vyote juu!" Nikafungua, nikamwambia asante, baadaye, nikampa andazi la moto. Nilikuwa nakaanga maandazi, ndiyo. Aliliangalia andazi, akaniangalia mimi, akalila, akaendelea na droo zake.

Nilikuwa nimepiga hesabu zangu za Sahare. Yameanza kujaa asubuhi, mchana yatasimama, jioni yatapwa. Nilikuwa naangalia saa ya ukutani, Nyemo, wala sikuwa naangalia mto. Na nilikuwa najisikia mjanja! Nikawa nawaza nitakavyomsimulia baba yako jinsi Wazungu walivyohangaika na magodoro yao.

Maji hayakupita mlangoni. Yalitoka chini, kwenye tundu la bafu, kisha katikati ya mbao za sakafu, kutoka kwenye ghala la chini ya nyumba, na yalikuwa yananuka mafuta ya kupashia nyumba joto. Umeme ukakatika. Nilikufunga mgongoni kwa kanga. Mikono yangu ilikuwa huru, nikakamata kilichokuwa mbele yangu, nikakimbia. Nilipofika kwa Frau Huber nikajiangalia. Nilikuwa nimeokoa mtoto na sufuria ya maandazi.

Hata hapo nilikuwa bado nasema yatapwa. Nilikaa kwenye ngazi nasubiri. Nilikuwa naona ngazi za chini zinamezwa moja baada ya nyingine, na mdomo wangu unasema yatapwa. Frau Huber alikuja akakufungua mgongoni mwangu, akakupeleka kulala. Mto ule haujui kupwa jioni. Ulikaa ndani ya nyumba yetu mpaka ulipotaka wenyewe.

Ndani ya sanduku la baba yako kulikuwa na vyeti, na barua, na picha ya mama yake. Alikuwa amesimama mbele ya nyumba yake Kongwa, amekunja mikono, amekunja na uso kidogo kwa sababu ya jua. Ilikuwa picha yake pekee duniani. Alikufa tukiwa Ujerumani na baba yako hakuweza kwenda kumzika. Jina lake lilikuwa Nyemo. Baba yako alikuambia kwamba nilikaa tu, kwa sababu ulimuuliza. Habari ya picha naona hakukuambia. Amekuficha ili usinichukie, na mimi kwa hilo namshukuru na linanichoma.

Alirudi maji yanaanza kushuka, akipita juu ya mbao walizozitandika mtaani. Sasa sikiliza wanavyofanya, maana hili nadhani halimo kwenye vitabu vyako. Hawangoji maji yaishe. Yakianza tu kushuka, mtaa mzima unaingia ndani na fagio na ndoo, wanasugua kuta wakiwa bado wamezama magotini, wanalisukuma tope lirudi na maji yake. Likikauka linakuwa saruji. Frau Huber alisimama dirishani anapiga kelele kama mnadi: "Sasa! Lingali bichi! Sasa!" Wanafunzi walikuja, padri alikuja, kanzu ameikunja kiunoni. Baba yako akachukua fagio, akaingia chumbani kwetu.

Mimi nilisimama kwenye ngazi. Niliona aibu kushuka. Nilikuwa nangoja aniite, au anitukane, nipate pa kuanzia. Akalikuta sanduku. Akalifungua, akaangalia ndani, akalifunga. Akalibeba vizuri, kwa mikono miwili, akaliweka nje kwenye takataka za mtaa, akarudi kusugua. Hakuinua macho.

Nikajiambia, amekasirika, itapita. Kesho atakuwa sawa. Nikapanda juu kukulisha wewe. Nilipopata ujasiri wa kushuka, upande wangu wa chumba ulikuwa umekauka. Tope la pale chini ya kitanda tulilitoa kwa patasi.

Tulihamia ng'ambo ya Inn, nyumba ya mlimani. Baba yako hakuninunia, Nyemo, usije ukadhani hivyo. Aliongea nami habari za mkate, za baridi, za meno yako. Alikuwa mpole mpaka nikatamani avunje sahani. Mimi nilikuwa nangoja. Kila asubuhi nilimwangalia usoni kuona kama hasira imepwa. Nilikuwa na neno moja tu la kumwambia, nisamehe kwa picha ya mama, na neno hilo lilinikaa kooni, nikilimeza na chai kila siku. Nilidhani nikilisema nitakuwa namkumbusha. Kana kwamba alikuwa amesahau! Baridi ya mwaka wa pili nikakuchukua tukaja huku Toronto, kwa mjomba wako Rexdale, kupumzika kidogo. Kidogo hicho ndicho ulichokulia.

Mwaka 2013 ule mji ulifurika tena, kuliko wakati wowote ambao wazee wa pale waliukumbuka. Ulikuwa shuleni. Niliona kwenye televisheni, mtaa wetu hauonekani, mashua inapita dirishani kwa Frau Huber, kama bado alikuwa hai. Nikachukua simu. Namba ya baba yako naijua kwa kichwa. Nikajiambia, ngoja, atapiga yeye kukujulia hali wewe, nitamuuliza hapohapo. Alipopiga nilikuwa zamu, na uliongea naye wewe. Kazini kwangu napanga vyakula vya abiria wa ndege kwenye visahani, vinapelekwa Frankfurt kila siku, vifuniko navibana mimi mwenyewe. Tangu nianze kazi ile sijawahi kwenda hata Montreal.

Nakuja kwako sasa. Hapa ndipo nilipokuwa napakimbia tangu mwanzo wa barua.

Baba yako akipiga simu ya picha, wewe unakaa hapo kwenye kochi, mimi nikiwa jikoni. Nimemsikia mara nyingi akikuambia, "Sogea kwenye mwanga kidogo." Wewe unadhani ni macho yake yameanza kuzeeka. Shangazi yako wa Dodoma alipokuona mara ya kwanza kwenye simu alipiga ukelele, akasema huyu ni mama mwenyewe amerudi. Nilisikia. Umekunja uso vilevile, Nyemo, mkunjo uleule wa jua. Baba yako akikuambia sogea kwenye mwanga anatafuta ile picha. Na mimi mara ngapi nimekuita wakati huohuo, njoo ule, chakula kinapoa, na chakula chenyewe bado kiko motoni. Nimemnyima wewe kwa vijiko na sahani miaka yote hii, kwa sababu sikuweza kumwona akitazama kile nilichompotezea.

Kwa hiyo uliponionyesha kile chumba, sikuwa na hasira na chumba. Niliogopa. Niliona utakaa pale mbele yake, kwenye mwanga, kila Jumapili, na mtakuwa na raha, na hakutakuwa na sababu ya kurudi kwangu. Nikasema utarudi mwenyewe. Nilisema kama mtu wa Sahare. Nilikuwa nakuombea uondoke kisha upwe, wewe nawe, kama maji ya uani kwetu.

Nenda. Kaa naye akuangalie mpaka achoke. Hiyo ni haki yake na ni haki yako, na nilipaswa kuisema mimi kabla hujaitafuta mwenyewe kwenye ramani. Kaa chini kama unataka kukaa chini. Nimeahidi sitakupa maagizo, ila hili limeniponyoka: siku ya kwanza kabisa, kabla hujafungua sanduku, panda ngazi ukagonge kwa anayekaa juu yako umjue. Mpelekee chochote. Maandazi wanayapenda.

Na ukikutana na baba yako, usimpe salamu zangu. Nitampa mwenyewe. Hilo nimeliandika, na silifuti.

Nimesikia lifti. Nimesikia funguo.

Umeingia. Umesema "Hi" upande wa mlangoni, nami nimefunika karatasi kwa kitambaa cha jikoni kama mwizi. Umechukua maji kwenye friji. Umesimama kidogo nyuma yangu, nadhani umeona sanduku limepangwa upya, maana umeguna. Nilikuwa nangoja useme kitu. Nimehesabu pumzi zako, Nyemo, mimi mama mzima. Kisha umekwenda chumbani na mlango umefungwa taratibu, vilevile.

Nikuambie nilichokuwa nimepanga. Barua hii nilikuwa niikunje, niifiche sandukuni katikati ya zile kanga mbili nilizokuwekea, uikute ukifika Passau. Ungeisoma ukiwa peke yako, ungelia kidogo, ungenipigia. Mimi ningekaa hapa na simu yangu ningoje. Nimeipanga hivyo tangu jana na nikaona ni busara sana. Sasa hivi tu, nikisikiliza mlango wako ukifungwa, nimeona ninachofanya. Nimekaa jikoni, nakaanga maandazi.

Kesho asubuhi mjomba wako atakuja na gari, kutakuwa na haraka, pasipoti iko wapi, mizani ya mizigo, na tutakumbatiana mbele za watu kama watu wanaopendana, bila kusema kitu. Ukishapita pale kwenye ukaguzi tope litakuwa limekauka.

Basi sandukuni siiweki. Ninainuka nayo hivi ilivyo, na alama ya kikombe juu yake. Taa yako naiona chini ya mlango. Ukitaka kuisoma, soma, nitakaa kitandani kwako nikungoje umalize. Kama Kiswahili changu kinakuchosha nitakusomea. Kama hutaki kusikia sauti yangu, nitasimama hapohapo nje nikuambie kwa ufupi: nisamehe kwa neno lile. Sikulimaanisha. Nakupenda na naogopa kubaki.

Nipo mlangoni. Fungua, mama.

Mama yako,
Zuhura